Zile menyu tisa za Word zilikuwa na kosa gani mpaka zikavunjwa?

#1 Fundi_Mlandege
Asalaam alaykum wanajamvi. N'na suali linanirudia kila nikipokea kijana mpya wa kumfunza kazi. Mie ni mtu wa taipu na kuprinti hapa Mlandege, kazi zenyewe mnazijua, barua za maombi, mikataba ya nyumba, ripoti za skuli, kadi za harusi, na wanafunzi wa chuo wanaokuja na utafiti wao siku ya mwisho jioni. Dai langu ni kwamba zile menyu tisa za Word ya zamani, File, Edit, View, Insert, Format, Tools, Table, Window, Help, zilikuwa bora kuliko riboni hii ya picha picha, yaani ule ukanda wa vitufe juu ya karatasi, kwa sababu zilikuwa zinasemeka. Nilikuwa namwambia kijana "nenda Format, halafu Paragraph" huku nimempa mgongo nahesabu karatasi za mteja, na anafika. Sasa lazima niinuke nikasimame nyuma ya kiti chake, "pale, siyo hapo, pale chini ya ile mistari, kale kamshale kadogo pembeni". Kamshale hako hakana jina la kulitaja, kana mahala tu, na mahala penyewe ukilipunguza dirisha vitufe vinajikunja vinahama. Nataka kujua kwa dhati, palikuwa na sababu gani ya kuvunja mpango ambao watu wameshauzoea? Na nyie imewasaidia au imewachelewesha?

#2 Chwaka_Kijana
W/salaam fundi. Ile ilikuja na Office 2010 kwa ajili ya skrini za kugusa, ndo maana vitufe vikubwa vikubwa. Hakuna jengine.

#3 BintVuga
Hapana #2. Riboni imekuja na Office 2007, iliyoanza kuuzwa madukani mwisho wa Januari 2007. Mwezi huohuo ndo iPhone ya kwanza imetangazwa, kwaivo habari ya kugusa skrini haikuwa sababu. Pengine unaichanganya kwa vile 2010 ndo iliyorudisha neno File. Kwenye 2007 File ilitolewa kabisa pakawekwa kiduara chenye nembo ya Office juu kushoto, na watu wengi walidhani pambo. Print, Save As, vyote vilikuwa ndani ya pambo hilo.

Mie nafanya kazi ya masjala na naungana na fundi nusu tu. Nitaeleza baadae nikitoka kazini.

#4 kijana_Tunguu
Wakuu mie nasoma mambo ya kompyuta, hili nimelisoma sana kwa hiyo mnivumilie ntaandika mrefu.

Word ya kwanza ya Windows ilitoka 1989 na ilikuwa na amri kama 100 hivi. Kufika Word 2003 amri zimepita 1,500. Menyu bado ni tisa tu. Sasa hebu fikiria amri 1,500 utazitia vipi ndani ya menyu tisa, wakaanza kuzitia menyu ndani ya menyu, zikajaa, wakaongeza vibao vya zana juu, Word 2003 ilifika vibao 31, vikajaa na hivyo, wakaleta na vile vidirisha vya pembeni kulia, vikafika 19. Yaani amri moja unaweza kuitafuta sehemu tatu na usiikute. Bwana mmoja Jensen Harris, alokuwa akiongoza kazi hiyo ya sura ya Office pale Microsoft, alikuwa anaandika kila kitu kwenye blogu yao wakati wanaitengeneza, na jambo alolisema ambalo mie halinitoki ni kwamba watu walikuwa wakituma maombi ya kuongezewa vitu ambavyo tayari vimo. Vimo, ila hawavioni!

Kwaivo jibu la suali la fundi, menyu zenyewe hazikuwa na kosa. Zilijengewa programu ndogo, programu ikakua zikabaki palepale.

#5 Fundi_Mlandege
Ahsante kijana, umeeleza vizuri. Lakini mie mteja wangu hajawahi kuniomba amri ya 1,400. Nakopi, napesti, nasevu, nakoza maandishi, napanga aya, naprinti. Nyie wasomi mngetafuta amri zinazotumika kweli ni ngapi.

#6 kijana_Tunguu
Zilitafutwa fundi. Office 2003 ilikuwa na mpango wa hiari, ukikubali inatuma taarifa ya vitufe unavyobonyeza. Kwenye Word amri tano tu, Paste, Save, Copy, Undo na Bold, zilichukua kama asilimia 32 ya matumizi yote, na Paste peke yake imepita asilimia 11. Ndo maana ukifungua Word leo Paste ni kitufe kikubwa mwanzo kabisa kushoto.

#7 Fundi_Mlandege
Basi hiyo ni hoja yangu! Kama amri tano ni theluthi ya kazi yote, na hizo tano zote zina njia ya kibodi, Ctrl C, Ctrl V, Ctrl S, Ctrl Z, Ctrl B, mtu anaezitumia haangalii juu hata kidogo. Sasa Paste kubwa ile kawekewa nani?

#8 MamaKadi
Kawekewa mimi kaka angu 😀 mie Ctrl V nimeijua mwaka jana.

Lakini naomba niitetee riboni, maana naona mnaisema peke yake hapa na haina wakili. Mie natengeneza kadi za harusi na kadi za maulidi, mteja anakaa kitako pembeni yangu, mara nyingi ni mama wa bibi harusi na dada zake, kila mmoja ana lake. Zamani nikichagua fonti lazima niweke, waione, wakatae, nitengue, niweke nyengine. Sasa hivi napeleka mausi juu ya jina la fonti tu, bila kubonyeza, na maneno kwenye kadi yanabadilika palepale wanaona, wanasema "hiyo hiyo simama". Rangi vivyohivyo, mapambo ya pembeni vivyohivyo. Hiki kitu menyu zenu tisa hazikuwa nacho. Na mapambo mengi niliyoyajua nimeyajua kwa kuyaona pale juu, hakunifundisha mtu. Menyu ya maneno inamfaa alofundishwa, mie sikufundishwa.

#9 Fundi_Mlandege
Hapo umenipa kitu cha kufikiria dada, kweli kabisa. Kuona kabla ya kuweka ni jambo kubwa kwa mteja. Lakini hilo wangeweza kulitia bila kuvunja menyu.

#10 Maalim_Wete
Asalaam alaykum. Kutoka Pemba huku mie natoa kisa cha upande wa Kiarabu maana nakiona hakitajwi na nyie mjini mnacho pia. Natayarisha mitihani ya madrasa, aya za Qurani zina irabu na maelezo ni ya Kiswahili, karatasi moja lugha mbili, moja yaanzia kulia nyengine kushoto. Vitufe vya kugeuza mwelekeo wa aya vipo Home, kwenye kundi la Paragraph, lakini HAVIONEKANI mpaka kwanza uongeze Kiarabu kwenye mipangilio ya lugha. Walimu wenzangu wengi walikuwa wakiandika Kiarabu kwa kusukuma na Align Right, wakiamini ndivyo, halafu nukta na mabano yote yanakwenda upande si wake, na ukiongeza neno katikati sentensi yote inavurugika. Nikishawawashia Kiarabu kitufe chatokea, "kumbe kilikuwapo!"

Sasa hapa nauliza wote wawili, menyu na riboni, kitu kinachojificha mpaka ukijue ndo kikutokee, mtu atakijuaje?

Njia ya mkato kwa anaehitaji: Ctrl na Shift ya kulia aya inageuka kulia, Ctrl na Shift ya kushoto inarudi. Iwe kibodi ya Kiarabu umeshaiongeza.

#11 Chwaka_Kijana
Maalim Mwenyezi Mungu akuzidishie, hiyo ya Shift mbili sikuijua na nimeteseka nayo Ramadhani nzima nikitengeneza ratiba ya msikiti.

#12 ShanganiStudio
Nyongeza kwa maalim, ukiiweka Office yenyewe kwa lugha ya Kiarabu riboni yote inapinduka, Home inakuwa kulia kabisa na vyengine vinafuatia kuelekea kushoto. Alozoea mahala kwa jicho anapotea siku nzima, alozoea kwa kibodi wala hashituki, Ctrl B ni ileile.

Na fundi, habari njema yako. Mie natumia Mac kwa kazi za picha za mahoteli. Word ya Mac ina riboni NA ina menyu juu ya skrini, na menyu zenyewe ni File, Edit, View, Insert, Format, Tools, Table, Window, Help. Zile zako tisa, zote. Format kisha Paragraph ipo mpaka leo. Zimebaki kwa sababu Mac programu zote zinaweka menyu ukingoni juu kabisa mwa skrini, ni desturi yao tokea 1984, hakuna wa kuitoa.

#13 Fundi_Mlandege
Unaniambia kweli? Yaani kampuni moja, programu moja, na menyu zimekaa pamoja na riboni hazikugombana? Basi ile hoja ya #4 kwamba menyu zilizidiwa hainitoshi tena. Amri si zilezile?

#14 kijana_Tunguu
Amri nyingi ni zilezile ndio. Lakini fundi Mac hawakuwa na uchaguzi, kama alivosema ShanganiStudio. Na hapo kuna faida yake ya kipimo, menyu ikiwa ukingoni mausi huwezi kuipita, unaisukuma juu inakwama penyewe, kwaivo kuilenga ni rahisi. Hiyo inatokana na kanuni ya Paul Fitts ya 1954, kitu kikubwa na kilicho karibu hulengwa upesi. Windows menyu ziko ndani ya dirisha, zinapitika.

#15 BintVuga
Nimetoka kazini sasa niseme yangu. Tatizo langu mie si menyu wala si riboni, tatizo ni kwamba walipozipanga upya amri walizipanga kwa fikra ambayo haisemwi popote. Mfano Excel. Unataka kuongeza mstari, pana kichupo kimeandikwa Insert, utakwenda wapi? Insert. Haipo! Insert ina jadweli, chati, picha. Kuongeza mstari ipo Home, upande wa kulia, kundi la Cells. Zamani kwenye menyu ilikuwa Insert, Rows, imekwisha. Freeze Panes ilikuwa Window sasa ipo View. Kichwa na kitako cha ukurasa kilikuwa View sasa kipo Insert. Page Setup ilikuwa File ikaenda Page Layout.

Na hili hapa ndo linanikera khasa, Word 2016 waliifupisha Page Layout ikawa Layout tu. Sasa ukibonyeza ndani ya jadweli vinatokea vichupo viwili zaidi kwa ajili ya jadweli, na kimoja nacho kinaitwa Layout. Vichupo viwili jina moja, skrini moja, wakati mmoja. Nampigia simu mwenzangu wa Chake namwambia ingia Layout ananiuliza ipi. Nikisema ya kulia, ananambia mbona hapa yote iko kulia.

Fundi kasema kitu kimoja cha maana sana kwenye #1 na mmekipita, amri iwe INASEMEKA. Sie kazi yetu nusu ni kuelekezana kwa simu, Unguja na Pemba. Hakuna alokaa nyuma ya kiti cha mtu.

#16 Mwalimu_Chake
Naunga mkono #15 mikono miwili. Mie nafundisha skuli, kitabu tulichonacho picha zake ni za Word 2003, mashine nyengine zina 2010 nyengine 2016. Mtoto anasoma "Tools kisha Options" anainua kichwa hakuna Tools. Kwenye 2007 imo ndani ya kiduara, tokea 2010 imo ndani ya File. Namfundisha nini huyu, anakariri njia au anaelewa kazi? Nimeacha kufundisha njia. Nawafundisha kuuliza, hii amri inagusa nini, herufi, aya, ukurasa au faili zima? Ukijua inagusa ukurasa mzima utaiendea Layout hata hujaiona.

#17 Konde_Asilia
Mwalimu hiyo nzuri lakini Print inagusa nini 😂

#18 Mwalimu_Chake
Inagusa faili zima, ipo File. Kaa kitako usome.

#19 Mzee_Kikwajuni
Vijana hamjambo. Naona mnazungumza kama mwanzo wa dunia ni Word 2003.

Sie tumeanza na WordPerfect 5.1, ya mwishoni mwa miaka ya 80. Skrini ya buluu tupu, menyu haionekani mpaka uiite, hapana kitufe, maneno yako tu. Amri zote zilikuwa kwenye vile vifunguo vya F, peke yake, pamoja na Shift, pamoja na Alt, pamoja na Ctrl, kila kifunguo kazi nne. Tukiweka kibao cha plastiki juu ya kibodi chenye rangi kuonesha kipi ni kipi. Kuprinti Shift F7. Na niwaambie, makarani wa wakati huo walikuwa wakitaipu upesi kuliko nyie, kwa sababu macho yako kwenye karatasi ya muswada na wala hayatafuti kitu kwenye skrini. Na hesabu tukifanya Lotus 1-2-3, unabonyeza mkwaju / menyu inatoka mstari mmoja, unabonyeza herufi ya kwanza. Nendeni kwenye Excel zenu za leo mbonyeze / muone. Herufi zitatokea juu ya riboni. Imeachwa mpaka leo kwa ajili ya watu wa Lotus.

Kwa hiyo fundi, menyu zako nazo zilipokuja kuna watu walizilaumu, mimi nikiwamo.

#20 Fundi_Mlandege
Shikamoo mzee wangu. Nimebonyeza / kweli zimetokea herufi. Mbona hakuna alotwambia?

#21 Mzee_Kikwajuni
Marahaba. Hamkuuliza.

#22 kijana_Tunguu
Mzee kanikumbusha kitu ambacho kitamfurahisha fundi. Wakati wanazivunja menyu hawakuzivunja njia za kibodi za menyu. Fundi kaa mbele ya Word yako sasa hivi, Windows, toleo lolote lenye riboni. Bonyeza Alt, halafu O, halafu P. Moja moja si pamoja. Hiyo O ilikuwa ni Format, na P ni Paragraph.

#23 Fundi_Mlandege
Limefunguka. Lile lile dirisha la Paragraph. Subhanallah. Miaka yote hii nainuka kwenye kiti!

#24 kijana_Tunguu
Na Excel watu wa hesabu wanabonyeza Alt E S mpaka leo, ni Edit, Paste Special. Na njia mpya nazo zipo, bonyeza Alt peke yake kila kitufe kitajitia herufi. Kwaivo riboni inasemeka fundi, tena inasemeka kwa herufi, husemi "kale kamshale". Dada #15 mwambie mwenzako wa Chake Alt, P, ataingia Layout ya ukurasa bila kuuliza ipi.

#25 BintVuga
Hiyo nitaijaribu. Ila kijana, herufi si maana. Alt H halafu O halafu I unapanua nguzo ya Excel, sawa, lakini huyo aloambiwa kesho atasahau kwa sababu hazimwambii kitu. "Format, Paragraph" inamwambia kitu.

#26 Ngambo_Msomi
Jamani mnazunguka tu, mie naona sababu ni biashara. Mwaka ule OpenOffice ilikuwa ya bure na sura yake imefanana mno na Word 2003, mtu akihama hapotei. Ukibadilisha sura, alozoea ya zamani ndo anaona ya bure ni ya kizamani. Na ushahidi huu hapa, Novemba 2006 Microsoft ilitangaza kwamba watengenezaji wengine wanaweza kutumia mpango wa riboni bila malipo, ISIPOKUWA kwenye programu zinazoshindana moja kwa moja na Word, Excel, PowerPoint, Outlook na Access. Kama ilikuwa kumsaidia mtumiaji tu, kwa nini umzuie jirani?

#27 kijana_Tunguu
Hilo sharti ni kweli lilikuwepo. Lakini kuilinda kazi yako baada ya kuifanya hakuoneshi kwamba ulianza kwa nia hiyo. Na kabla ya hapo walishajaribu njia nyengine ikawashinda. Office 2000 ililetwa na menyu zinazojipunguza, amri usiyoitumia inajificha, pale chini panabaki vimishale viwili, ukisubiri ndo inafunguka yote. Kila mtu menyu yake inakuwa tofauti na ya mwenzake.

#28 Fundi_Mlandege
Nazikumbuka hizo! Jambo la mwanzo nikiweka Office kwenye mashine mpya ni kuzizima. Unamwambia mtu nenda Tools halafu Macro anakwambia sina.

#29 kijana_Tunguu
Ndo hilo. Na walishaonywa mapema, 1989 watafiti Mitchell na Shneiderman walilinganisha menyu inayobadilika na menyu iliyotulia, na watu wengi walipendelea iliyotulia. Kwaivo funzo walilolichukua ni kwamba riboni isijipange yenyewe, kila kitu kikae pake.

#30 BintVuga
Kikae pake halafu toleo linalofuata kihamishwe. Ni sawa na asubuhi moja ukute daladala zote za Darajani zimebadilishwa pa kusimama, 502 bado inakwenda Bububu ileile na nauli ileile, wewe ndo hujui usimame wapi.

#31 Konde_Asilia
Na upungufu mwengine hamjausema, inakula skrini. Hizi laptopu za bei yetu nyingi ni 1366 kwa 768, pana lakini fupi. Riboni imekaa juu, imekula urefu, na urefu ndo huo unaokosekana. Karatasi inabaki mistari michache. Zingewekwa ubavuni ningesema Mashaallah.

#32 ShanganiStudio
Ctrl F1 inajificha, Ctrl F1 inarudi. Na tokea 2018 walianza kuleta riboni nyembamba ya mstari mmoja, kwanza kwenye Word ya mtandaoni na Outlook. Nenda pia LibreOffice, programu nyengine ya bure ya kuandikia, pale View kuna User Interface, unachagua mwenyewe, menyu na vibao kama zamani, vichupo kama riboni, au vitu vyote ubavuni kulia kama unavotaka. Vichupo walivianza kwa majaribio toleo la 5.3, 2017. Hii ndo adabu nnayoipenda mie, mtumiaji achague.

#33 Mwalimu_Chake
Kuchagua kuzuri ukiwa peke yako. Mie n'na darasa. Kila mtoto akichagua sura yake nitafundisha nini? Mpaka mashine za skuli ziwe sawa ndo naweza kusema sentensi moja na wote wakafika.

Halafu kizazi hiki wala hakitafuti kwenye menyu. Wamekulia simu. Wakiona kiboksi cha kutafuta wanaandika. Word tokea 2016 inacho, Alt Q, unaandika unachotaka inakuletea amri yenyewe. Pengine haya mabishano ya menyu na riboni yanakwisha yenyewe.

#34 MamaKadi
Mwalimu kwa heshima hapo sikubaliani na wewe. Kutafuta kunataka ulijue jina la kitu, tena kwa Kiingereza. Mie yale maua ya pembeni ya kadi nimeyatumia zamani sana kabla sijajua yanaitwa Page Borders. Nikiandika "maua" haileti kitu. Picha ilinifikisha, jina lisingenifikisha.

#35 Ngambo_Msomi
Dada hapo umegusa penyewe. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishatoa OpenOffice ya Kiswahili, Jambo OpenOffice, 2004, pamoja na wataalamu wa Sweden. Menyu zote Kiswahili. Ingeendelea kutumika maskulini leo fundi angekuwa anasema kwa Kiswahili akiwa amempa kijana mgongo.

#36 Fundi_Mlandege
Nimesoma zote. Mie bado niko palepale kuhusu kusemeka, ila MamaKadi kanionesha kwamba kuna mtu haambiwi na yeyote, yuko peke yake na mashine, na huyo menyu haikumsaidia. Na maalim wa Wete suali lake halijajibiwa na yeyote, kitu kinachojificha mtu atakijuaje. Riboni haikulijibu, menyu haikulijibu, na kutafuta ndo kabisa.

#37 Utafiti_Kesho
Samahani kwa kuingilia, ahsanteni kwa uzi mzuri. Nawasilisha kesho. Nataka kurasa za mwanzo ziwe i, ii, iii halafu Sura ya Kwanza ianze 1. Nikibadilisha mwanzo na nyuma kunabadilika. Nipo Word 2016.

#38 Fundi_Mlandege
Hiyo ndo kazi yangu ya kila siku. Weka alama mwanzo kabisa wa Sura ya Kwanza. Alt, P, B, chagua Next Page chini pale penye Section Breaks. Halafu bonyeza mara mbili kitako cha ukurasa wa Sura ya Kwanza, juu kitatokea kichupo cha Design, uzime Link to Previous. Hilo kabla ya lolote. Kisha Page Number, Format Page Numbers, Start at 1. Ukimaliza rudi kurasa za mwanzo uchague i, ii, iii hukohuko.

#39 BintVuga
Na ujue hiyo Section Break zamani ilikuwa Insert, Break. Ukipata maelezo ya kitabu cha kizamani yatakupoteza.

#40 Utafiti_Kesho
Imekubali!! Mungu awabariki. Ila ukurasa wa yaliyomo bado unaonesha namba za zamani.

#41 Fundi_Mlandege
Bonyeza ndani ya yaliyomo, F9, chagua Update entire table. Na kabla ya kuprinti sevu PDF, mashine utakayoprintia fonti zake si zako.